Kidole cha Bibi Chini ya Sufuria

Nilikuwa mtoto wa mtungi mdogo. Kwetu umri wa msichana haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa chombo alichoweza kukileta kichwani kutoka korongoni bila kumwaga: kwanza kibuyu, kisha mtungi mdogo, kisha mtungi wa mama. Nikitazama nyuma nadhani nilikuwa na miaka minane, pengine tisa. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa bado wanatawala, na reli ilikuwa imepita upande wetu si muda mrefu, tukisikia mlio wa garimoshi asubuhi kama ng'ombe aliyepotea.

Tulikaa kusini ya Buigiri, kwenye nyumba ya tembe iliyotazamana na korongo pana la mchanga. Mgeni akiliona korongo lile wakati wa kiangazi asingeamini kwamba ndilo lililotunywesha. Lilikuwa mchanga mtupu, mweupe, wa kuunguza nyayo. Lakini chini ya mchanga maji yalikuwapo, na babu yangu, ambaye sikumwona, ndiye aliyechimba kisima chetu. Kila kiangazi kilichimbwa upya, na kadiri mvua zilivyochelewa ndivyo kilivyozidi kwenda chini, hata mwisho wanawake watatu wakasimama ndani yake, mmoja juu ya mwingine, kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, wakipokezana kata ya kuchotea. Juu kilizungushiwa uzio wa miiba, na kwenye mlango wa uzio alikaa Bibi, mama yake baba.

Bibi alikuwa mlinzi wa kisima. Ulinzi wake ulikuwa kidole kimoja. Kila chombo kilichofika alikigeuza kidogo, akapitisha kidole cha shahada chini ya kitako chake, kisha akakiinua kidole juani. Kikiwa safi alisema, "Ingia." Kikiwa na weusi, uligeuka ukaenda kusugua kwa mchanga hadi kisafike, ukarudi mwisho wa mstari hata kama ungekuwa mke wa jumbe. Chombo kilichowahi kukaa motoni hakikutakiwa kugusa kisima. Maji yana haya, ndivyo wazee wetu walivyosema. Yakiona masizi yanajifunika uso na kukimbia, wala hayaagi.

"Yanakimbilia wapi, Bibi?" nilimwuliza siku moja.

"Kwa watu wenye adabu, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita. Kwa kuwa babu kwa utani ni mume wa wajukuu zake wote wa kike, mimi na Bibi tulikuwa wake wenza, na aliniambia mara nyingi kwamba marehemu alinipenda zaidi kwa sababu sikuwahi kumpikia. Nikimwangushia kitu alisema, "Ndiyo maana mume wetu alikufa mapema." Sijawahi tena kupendwa na mtu kwa matusi mengi namna ile.

Baba yangu, Yakobo, alikuwa mwalimu wa dini. Alikuwa kijana wa kwanza wa kijiji chetu kusoma misheni, na alirudi na kitabu, kanzu nyeupe, na Kiswahili ambacho alikisema polepole, akikionja. Siku za Jumapili alihubiri kwanza kwa Kiswahili, ambacho watu watatu walikielewa, kisha kwa Kigogo, ambacho wote walikuwa wameshakingoja hadi wamechoka. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hili mapema, kwa sababu yatakayofuata yananikasirisha hadi leo na sitaki hasira yangu imfanye kuwa mtu asiyekuwa. Hakulewa, hakumpiga mama. Usiku aliwaombea kwa majina watu waliomcheka mchana. Bibi mwenyewe, baada ya kumkatalia kwa misimu mingi, alikuwa amekubali kuingia darasa la ubatizo, na nilimwona baba siku ile akitoka nje akasimama nyuma ya zizi kwa muda mrefu ili tusimwone akilia.

Kiangazi ninachokisimulia, darasa lile lilikuwa na watu saba. Walikuwa wakisitasita. Jirani yetu, Mzee Nhonya, ambaye ukoo wake ulikuwa na kisima kingine mbele zaidi, upande wa chini wa korongo, alikuwa hodari wa kuwatania.

"Mbukwa, watu wa kitabu," aliwasalimia kila walipopita. "Nasikia Yesu wenu amewaondolea hofu zote. Mbona mnasugua vyungu kama sisi?"

Walicheka, lakini baba hakucheka. Neno lile lilimkaa kama mwiba unaovunjikia ndani ya nyama. Kwa juma zima alikula kidogo. Jumamosi alimwomba mama ile sufuria, tuliyokuwa nayo moja tu, ya chuma, iliyotoka kwa mfanyabiashara mmoja huko relini. Mama alikuwa akiipikia ugali wa uwele kila siku na kitako chake kilikuwa cheusi kama usiku usio na mwezi. Mama akachukua mchanga aisugue.

"Acha," baba akasema. "Naitaka hivyo hivyo."

Jumapili, baada ya ibada, hakuturuhusu tuondoke. Alituongoza sote kuelekea korongoni, watu kama ishirini, na mbele yake nilitembea mimi na sufuria kichwani. Alikuwa ameniambia nyumbani, mkono wake begani mwangu: "Debora, leo utawaonyesha kwamba Kristo ametuweka huru." Nilidhani ni kama kusoma aya mbele ya watu. Nilikuwa nimeshasoma aya mara mbili na nilisifiwa.

Habari ilitutangulia. Wasio wa kanisa nao walikuja, Mzee Nhonya akiwa na fimbo yake na wanawe wawili. Bibi alikuwa mahali pake mlangoni. Hakuwa amekuja ibadani asubuhi ile, maana kiangazi kilipokaza hakuweza kuacha kisima bila mtu.

"Umebeba nini, mke mwenzangu?"

"Sufuria, Bibi."

Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole. Akakiinua. Sote tulikiona. Weusi ulikuwa umefika hadi kwenye kiungo cha pili.

"Nani kakutuma?"

Nilimtazama baba.

"Mama, mpishe apite," baba akasema kwa sauti ya kuhubiri. "Maji ameyaumba Mungu, na Mungu haogopi masizi. Leo watu hawa wataona."

"Kama ni kazi ya Mungu," Bibi akasema, bila kelele, "shuka mwenyewe."

Mmoja wa wana wa Nhonya akapasuka kicheko. "Yakobo achote maji! Leo achote maji, kesho anyonyeshe!" Watu wakacheka wote, wa kanisa na wasio wa kanisa, hata wale wa darasa la Bibi. Kwetu mwanamume alikuwa akichimba kisima, akikiwekea uzio, akinywesha ng'ombe wake, lakini kushuka na chombo na kupanda nacho kichwani ni jambo ambalo lingemfuata hadi kaburini. Niliona shingo ya baba ikivimba. Alitazama kisima. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya kidevu chake, kwamba kwa kitambo kama cha kumeza mate alifikiri kushuka.

Kisha akasema, "Debora, shuka."

Bibi alinitazama, akamtazama mwanawe, ambaye pia alikuwa mwalimu wake. Akavuta miguu yake, akanipisha.

Nilishuka vidato saba. Huko chini palikuwa na ubaridi na harufu ya mchanga uliolowa, na maji yalikuwa kama shuka dogo, yametulia. Nilichovya sufuria. Masizi yakabanduka, yakaelea juu ya maji, meusi, mepesi, kama mabawa ya kumbikumbi asubuhi. Nilijaribu kuyaondoa kwa kiganja yakazidi kusambaa. Nikapanda na sufuria iliyojaa nusu, nikampa baba, akanywa mbele ya watu wote, akapangusa midomo.

"Yamekimbia?" akauliza. "Mzee Nhonya, chungulia. Yamekimbia?"

Mzee Nhonya alichungulia. "Bado yapo," akakiri.

Wakaimba. Baba akaweka mkono wake kichwani pangu na sauti yake ilikuwa juu ya sauti zote. Nami nilifurahi. Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii bila kutaja jambo hilo, kwa sababu ndilo linalouma kuliko mengine. Sikuogopa, sikumwonea Bibi huruma. Nilifurahi.

Siku ya nne kisima kilikauka.

Wanawake waliofika alfajiri walikuta unyevu tu. Walichimba kina cha mkono, wakachimba tena hadi mchanga ukaanza kuwaporomokea. Kufikia jua la mchana hapakuwa na mtu asiyejua kilichotokea, na jina langu halikuwa tena Debora. Nilikuwa Masizi. Watoto nilioruka nao kamba waliimba nyuma yangu: "Masizi, Masizi, umekunywa peke yako!" Mtoto mmoja mdogo kabisa, ambaye nilikuwa namlea mgongoni mama yake akienda shamba, alinikimbia akilia aliponiona, maana alikuwa ameambiwa nikimgusa mate yatamkauka.

Kikabaki kisima cha ukoo wa Nhonya. Hawakuwanyima watu maji, kwani kwetu kumnyima mtu maji ni kumwua. Walinyima nyumba moja tu. Walisema nyumba yenye mkosi ikichota kabla ya kutakaswa, na kisima chao kitafuata. Nao walikuwa na hofu ya kweli. Nimejitahidi tangu nikiwa msichana kuwachukia kwa hilo na sijaweza, kwa sababu ningekuwa na kisima kimoja kilichobaki na watoto sita, sijui ningefanya nini.

Nyumbani mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu Samweli, ambaye hakuwa bado na mwezi mmoja. Maziwa ya mama yalikuwa yanapungua. Tulikunywa alichotuletea Bibi, ambaye walimruhusu kibuyu kimoja kwa siku kwa heshima ya uzee wake, na akatuletea chote. Yeye alisema ameshakunywa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Baba alisali. Alisema Bwana aliyeufungua mwamba jangwani hajabadilika. Siku ya tatu ya kiu yetu mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia, "Yakobo, Musa alikuwa na fimbo na akaupiga ule mwamba yeye mwenyewe."

Baba akaondoka alfajiri iliyofuata kwenda misheni kuomba msaada. Alirudi siku hiyo hiyo jioni, anakimbia, kanzu imejaa vumbi, uso wake unang'aa. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Nhonya walikokuwa wameketi wazee, nasi tukamfuata.

"Si masizi!" alisema akihema. "Wazee wangu, si masizi! Nimepita kwenye kambi ya reli. Mdachi amechimba kisima upande wa juu wa korongo, kirefu, ameweka mashine. Inavuta maji usiku na mchana kunywesha garimoshi. Nimeona kwa macho yangu. Maji yetu anayanywa yeye!"

Mzee mmoja akatema mate pembeni.

Bibi alikuwa ameketi chini ukutani. "Hiyo mashine, Yakobo," akauliza, "ina masizi?"

"Ina, Mama. Nyeusi tii. Inatoa moshi kama tanuri la mkaa."

"Basi nilisema kweli. Wamepeleka chungu cheusi kisimani."

Wengine wakacheka, wakajizuia. Mzee Nhonya hakucheka. Alimtazama baba kwa muda.

"Umefanya vema kutuambia," akasema. "Sasa wewe unajua Kiswahili, na unajua kusimama mbele ya Wazungu. Nenda kesho ukamwambie Mdachi afunge mashine yake. Ukirudi na neno lake, tutasema mtoto hana kosa."

Nilimtazama baba. Uso uliokuwa unang'aa ukazimika. Mwaka uliotangulia alikuwa ameona mtu akilazwa kifudifudi kwenye uwanja wa boma akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kumjibu karani tu. Alikuwa ametusimulia habari hiyo. Sasa alitazama miguu yake yenye vumbi.

"Nami siendi," Mzee Nhonya akasema hatimaye, karibu kwa upole. "Hakuna atakayekwenda. Basi turudi kwenye lile tunaloliweza."

Nimesoma habari nyingi za watawala na watawaliwa tangu siku ile, lakini sijaona mahali zilipoelezwa kwa ufupi zaidi. Mdachi hawakumweza. Mimi waliniweza.

Waliloliweza lilikuwa hili. Achinjwe kondoo mweusi. Majani aliyokuwa ameyatafuna, yaliyomo tumboni mwake, nipakwe mwili mzima. Kisha nishuke kwenye kisima kikavu nikae huko tangu jua kuchomoza hadi kivuli kiwe chini ya miguu, na wanawake wazunguke juu wakiniimbia nyimbo za matusi, za kuyaaibisha maji yarudi. Baada ya hapo nyumba yetu ingechota.

"Binti yangu amebatizwa," baba akasema. Sauti ya kuhubiri ilikuwa imemrudia. "Hataguswa na damu ya sadaka."

"Na huyu mchanga afe?" mama akasema. Alimwinua Samweli mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha kitu sokoni. "Afe akiwa safi?"

Nasema tena, baba alikuwa mtu mwema. Aliamini kwamba anaiokoa roho yangu. Lakini niliketi pale, ulimi umenishikamana na kaakaa, nikawaza kwa mara ya kwanza maishani kwamba wema wa baba yangu ulikuwa ukilipwa na watu wengine.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikuja akimvuta kondoo. Alikuwa na kondoo watatu tu, na huyo ndiye aliyekuwa mweusi. Akasimama mbele ya Mzee Nhonya.

"Shemeji, nani mlinzi wa kile kisima?"

"Wewe."

"Siku ile kidole changu kiliona masizi?"

"Kiliona. Sote tulikiona."

"Nikafanya nini?"

"Ukapisha."

"Mwizi akipita zizini na mlinzi yuko macho, mnamshika mtoto wa mwizi? Kosa ni langu. Nipakeni mimi."

Walishauriana. Mzee Nhonya akarudi akasema maneno yale yana uzito.

Baba alimfuata Bibi hadi njiani. "Mama, umebakiza miezi miwili ubatizwe. Ukifanya jambo hili..."

"Najua, mwalimu," akasema. Hakumwita mwanangu.

Walimvua kaniki yake, wakamwachia kipande cha kiunoni. Walimpaka kuanzia kichwani. Majani yale ni ya kijani iliyooza, yana joto, yana harufu ambayo hadi leo nikipita machinjioni nasimama. Akashuka polepole, mwanamke mzee, akipapasa vidato kwa vidole vya miguu, vidato ambavyo mume wake alikuwa amevichonga. Wanawake wakaanza kuimba. Siwezi kuandika waliyoimba. Yalihusu mwili wake, uzee wake, na tumbo lililomzaa baba. Mimi nilikuwa nimejilaza nje ya uzio, uso kwenye mchanga, nikiwa nimeziba masikio, na hata hivyo nilimsikia. Sauti yake ilitoka chini, ya kukwaruza:

"Imbeni na ule wa pili! Huo wa kwanza niliutunga mimi!"

Wakacheka juu kule, wanawake wale, wengine wakilia huku wanaimba. Mama alikuwa miongoni mwao. Ilimbidi aimbe.

Mchana ule tulichota kwenye kisima cha Nhonya. Samweli alinyonya hadi akalala na chuchu mdomoni. Amekua, amezaa, sasa ana wajukuu, na hupenda kusema kwamba yeye ni mtoto wa maombi. Simkatizi.

Miezi miwili ikapita. Padre alifika kutoka misheni kubatiza. Alikuwa Mzungu mrefu, mchovu, mwenye macho ya huruma. Kabla ya ibada aliuliza, kama alivyouliza kila mara, iwapo katika wanafunzi wa ubatizo yupo aliyerudi kwenye mambo ya kale. Walikuwa saba. Hakuna aliyesema neno. Mzee Nhonya na wazee wake wasingekuja kanisani kumshtaki mtu. Nyamaza tu, nilisema moyoni. Nyamaza, baba.

Baba akasimama. Akasema mama yake mzazi alikuwa ameshiriki sadaka ya kondoo na kupakwa. Alisema kwa uchungu, machozi yalikuwa yanamtoka, na kila neno alilosema lilikuwa kweli. Hakusema ni kwa kosa la nani. Hakutaja sufuria. Padre akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema mama huyo aanze tena darasa, miaka miwili kama kanuni ilivyo.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, wala si kwenye kisima. Mtu anaweza kukosea kwa bidii ya imani. Hata mitume walikosea. Mtu anaweza kumwogopa Mdachi; nani hakumwogopa? Lakini aliweza kuivunja mila ya masizi kwa mikono yangu kwa sababu hakuthubutu kuivunja mila ya wanaume kwa mikono yake. Na mama yake alipoubeba mkosi wa mwingine mwilini mwake, akatukanwa, akashuka chini peke yake ili sisi tunywe, mwalimu aliyetufundisha kila Ijumaa Kuu maana ya jambo hilo alisimama akaliita dhambi. Alikuwa ameliona kwa macho yake, umbali wa hatua kumi, na hakulitambua kwa sababu lilinuka kondoo.

Bibi aliendelea kuja kanisani. Wasiobatizwa walitoka kabla ya meza ya Bwana, naye alitoka, akakaa nje kwenye kizingiti, miguu juani. Siku moja nilimfuata.

"Kwa nini ulinipisha siku ile, Bibi? Ungenizuia."

Alifikiri. "Ningekuzuia, ningemwaibisha mbele ya watu. Mtoto wa kiume akiaibishwa na mama yake haponi." Akaitazama miguu yake juani. "Nilikosea. Ningemwaibisha tu." Kisha akanisukuma kwa bega. "Rudi ndani, mke mwenzangu. Mimi nami niko kwa Mungu, ila mlangoni. Mtu lazima aangalie vyombo vinavyoingia."

Alikufa mvua za pili, kabla miaka miwili haijatimia. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu na kelele. Hakuzikwa kwenye uwanja wa kanisa. Alizikwa kwetu, kando ya zizi, kama walivyozikwa wazee wake, na baba alisimama pale bila kanzu na bila kitabu, kwa sababu kanuni haikumruhusu kumzika mama yake kwa kitabu. Alikuwa amepauka kama mtu anayeumwa. Nilikuwa nimeshabeba mtungi wa mama wakati huo. Sikumwendea.

Miaka kadhaa baadaye Wadachi walishindwa vitani wakaondoka, na ile mashine ikabaki na kutu. Maji yalirudi kisimani, si mengi. Wapo waliosema ni kwa sababu ya kondoo wa Bibi. Baba alisema ni kwa sababu ya mashine kunyamaza. Mimi naamini mashine, nimeishi muda wa kutosha kujua maji yanavyokwenda chini ya mchanga. Lakini naamini pia kwamba watu waliokagua kitako cha kila chombo kwa kidole walikuwa wanajua jambo moja kuhusu maji ambalo mwenye mashine hakulijua, wala baba yangu siku ile.

Nilimwuguza baba mwisho wa maisha yake. Miguu ilikuwa imekufa, akili ilikuwa nzima. Siku moja aliomba maji nami nikampelekea kwa kata ya Bibi, ile ya kisimani, niliyoihifadhi. Niliichagua makusudi. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akakitazama kitako chake kwa muda mrefu. Alijua. Nilisimama pale nikingoja neno moja tu, nikiwa tayari kusamehe kila kitu kwa neno hilo. Akanywa. Akanirudishia.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ni matamu."

Leo mimi ni mzee wa kanisa lile lile. Nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo zamani palikuwa na kizingiti. Tunasali sala ya Bwana kila Jumapili, na tunapofika pale pa kusamehe waliotukosea, nanyamaza. Nataka nikitamka nimaanishe. Wanaokaa karibu nami hudhani ni pumzi za uzee, na mama mmoja kijana hunishika mkono. Kuna Jumapili naipata sentensi ile, naisema, nakimbia kuwafikia wenzangu. Na kuna Jumapili wao hufika Amina, wakaketi, nami bado nimesimama.